Somo: Kufunga mashine ya nje ya AC nyumbani

Wakuu, AC nyingi hapa Dar zinakufa mapema kwa sababu ya siku ile zilipofungwa. Somo hili ni la AC za ukutani, BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) 9,000 hadi 18,000.

Hatua ya 1: Mahali. Kazi ya mashine ya nje ni kutupa joto, kwa hiyo ipewe hewa. Nyuma acha sentimita 10 hadi 15 au zaidi. Mbele ya feni pawe wazi kabisa, na kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho. Grili ya kuzuia wezi iwe na nondo zilizoachana. Ukiibana mashine, hewa ya moto inarudi ndani, kompresa (pampu inayozungusha gesi) haipumziki na LUKU inaisha haraka.

Hatua ya 2: Mabano. Yapakwe zinki, yanyooshwe kwa pimamaji, na raba ziwekwe chini ya miguu.

Hatua ya 3: Bomba za shaba. Kata kwa kikata bomba, siyo msumeno. Ukisafisha mdomo, uelekeze chini ili vumbi la shaba lisiingie ndani. Nati itangulie kabla ya kutanua mdomo. Kila bomba livae sponji yake.

Hatua ya 4: Vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu wote ndani ya bomba kwa pampu. Hapa ndipo naomba mkae na fundi mpaka mwisho. Wengine hufungua valvu ya mashine ya nje kidogo, gesi inasukuma hewa nje, wanakaza nati, wanaondoka. Unyevu unabaki. Ukichanganyika na oili unazaa asidi, na asidi inakula waya za kompresa. Oili ya mashine zinazotumia gesi za R410A na R32 inanyonya unyevu haraka, na hewa yetu ya pwani imejaa maji. Pampu ifanye kazi dakika 20 hadi 30, geji ya maikroni (inayopima vakyumu) ishuke chini ya 500, kisha zima na usubiri dakika 10. Ikipanda, kuna tundu au unyevu. Ikitulia, fungua valvu, halafu pitisha povu la sabuni kwenye kila nati.

Hatua ya 5: Umeme. Laini yake peke yake, breka yake, waya wa ethi, na kifaa cha kuilinda umeme ukipanda na kushuka.

MASWALI

— Mkuu, bomba langu ni mita 10. Gesi ya kiwandani inatosha?
Soma kibandiko. Kimeandika urefu ambao gesi hiyo inautosheleza na gramu za kuongeza kwa kila mita inayozidi. Ipimwe kwa mizani. Fundi asikisie kwa kushika bomba.

— Niko Kigamboni, karibu na bahari. Mapezi ya nyuma (vile vibati vyembamba) yanaoza.
Ni chumvi, ndugu yangu. Kama unaweza, ihamishie upande ambao nyumba inaikinga na upepo wa bahari. Zima breka, ioshe kwa maji yasiyo ya chumvi, ya presha ndogo, mara kwa mara.

— Yangu inadondosha maji pale kwenye valvu. Gesi inavuja?
Hapana, gesi haidondoki kama maji. Bomba la baridi liko wazi pale, unyevu wa hewa unageuka matone ya maji juu yake. Livalishe sponji mpaka kwenye nati.