Feni ya Rejeta: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Safari Ndefu

Feni ya umeme ikifa, gari linaweza kukimbia barabara kuu kutwa nzima bila dalili yoyote, maana kwa mwendo huo upepo unaopita kwenye rejeta unatosha. Ubovu huonekana kwenye foleni: gari limesimama, upepo hakuna, mshale wa joto unapanda. Kwa hiyo ikague gari likiwa limesimama, injini inawaka.

Injini ikiwa ya moto, kwenye baadhi ya magari feni huweza kuanza kuzunguka yenyewe hata swichi imeshazimwa. Kabla ya kuingiza mkono, chomoa waya wa hasi wa betri. Kifuniko cha rejeta kisiguswe hadi injini ipoe, kwani ndani mna presha na maji huweza kupita nyuzi 100.

Anza na kiwango cha maji. Maji yakipungua, sensa inayopima joto la maji hubaki kwenye hewa na kusoma joto lisilo la kweli, hivyo feni nzima kabisa haipati amri ya kuwaka. Ukiongeza maji, hakikisha hewa iliyonaswa imetoka.

Kisha washa AC. Kwenye magari mengi feni huwaka mara hiyo au muda mfupi baadaye. Ikizunguka, basi mota, fyuzi na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya feni hiyo ni nzima (penye feni mbili, tazama zote). Sasa zima AC, uache injini ipate moto. Thermostati, yaani vali inayoruhusu maji yazunguke kupitia rejeta, hufunguka kwenye nyuzi 82 hadi 90 hivi. Feni husubiri zaidi, mara nyingi 95 hadi 105, hupoza kidogo, kisha hukatika. Mshale ukizidi kupanda huku mpira wa juu wa rejeta una moto na wa chini ni baridi, ishuku thermostati kwanza.

Isipozunguka, tazama fyuzi, ambayo kwa kawaida ni ya ampea 30 au 40. Ikiwa imeungua, usiweke kubwa zaidi: mota iliyochakaa huvuta umeme mwingi, na kitakachofuata kuungua ni waya. Rilei ijaribu kwa kuibadilisha na nyingine yenye namba ileile kwenye boksi la fyuzi. Chomoa plagi ya mota uiangalie kwa karibu. Plastiki iliyoyeyuka au kugeuka kahawia inaonyesha vishikio vimelegea. Mwisho, ipe mota volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri, kwa waya nene wenye fyuzi. Ikigoma hadi igongwe, brashi za kaboni, zinazopitisha umeme ndani ya mota, zimeisha. Usisafiri nayo.

Kama mota imebadilishwa karibuni, kagua mwelekeo. Feni nyingi hukaa nyuma ya rejeta na kuvuta hewa, kwa hiyo karatasi ukiiweka mbele ya grili inapaswa kunata. Ikipeperushwa, nyaya zimegeuzwa. Na kava inayozunguka feni isiachwe gereji, kwa kuwa bila hiyo feni huvuta hewa ya pembeni badala ya ile inayopita kwenye rejeta.

Wapo mafundi wanaounganisha feni moja kwa moja izunguke muda wote. Kukufikisha nyumbani, sawa. Zaidi ya hapo mota huchakaa mapema, na sensa mbovu inabaki palepale. Kwenye magari mengi, sensa hiyohiyo ndiyo inayoiambia kompyuta ya injini imwage petroli kiasi gani.