Seva ya majaribio iwe kubwa kiasi gani?

Wengi wetu tunaoshughulikia mifumo hapa Unguja hukabidhiwa mashine kuukuu na kuambiwa hiyo ndiyo seva ya majaribio, yaani ya kujaribia mabadiliko kabla hayajawafikia wateja. Haitoshi. Punguza ukubwa, lakini usibadilishe umbile, yaani sehemu za mfumo na zinavyounganishwa. Mfano wangu ni mfumo wa kuhifadhi nafasi za hoteli unaotumia hifadhidata ya PostgreSQL.

Hatua ya 1: pima seva ya laivu, ile inayowahudumia wateja. Pima Julai au Agosti, hoteli za Nungwi na Paje zikiwa na wageni, si Aprili wakati wa masika. Tumia amri za `nproc` (viini vya kichakataji), `free -h` (RAM), `df -h` (nafasi ya diski) na `iostat -x 5` (shughuli za diski). Andika kilele cha mzigo, si wastani.

Hatua ya 2: fuata umbile. Matoleo ya Linux na PostgreSQL yalingane. Kama laivu ina seva 2 za programu nyuma ya kigawa mzigo (kinachosambaza maombi kati ya seva), majaribio nayo iwe na 2, hata zikiwa ndogo sana. Mgeni akiingia kupitia ya kwanza, kisha ombi lake likapelekwa kwa ya pili isiyomtambua, hutolewa nje ya akaunti. Kwenye seva moja kasoro hiyo huioni kamwe.

Hatua ya 3: gawa nguvu. Laivu ikiwa na viini 8 na RAM ya GB 32, majaribio yaanze na viini 4 na GB 16. Usinakili faili la mipangilio lilivyo: `shared_buffers` (kumbukumbu ambayo PostgreSQL hujitengea) ya GB 8, yaani robo ya RAM, ishushe hadi GB 4.

Hatua ya 4: diski usiibane. Hapa huwa sikubaliani kabisa na wenye bajeti. Jedwali la safu 1,000 husomwa lote kufumba na kufumbua, hata kama faharasa (orodha inayoharakisha utafutaji) imesahaulika. Likifika safu milioni kadhaa, mpokezi anamsubirisha mgeni kaunta. Kwa hiyo weka data nyingi kama ya laivu, kwenye SSD (diski ya kasi) kama laivu inatumia SSD, halafu kagua kwa `EXPLAIN ANALYZE`, inayoonyesha hifadhidata ilivyotafuta data na muda uliotumika. Majina, simu na namba za pasipoti zibadilishwe kwanza; hizo ni siri za watu. Na UPS (betri ya akiba) iwepo: umeme wetu huja kutoka bara kwa kebo ya chini ya bahari, na ukikatika katikati ya kurejesha data unaanza upya.

Hatua ya 5: kupima uwezo. Usipime kwenye nusu ya mashine ukazidisha kwa 2. Foleni za kusubiri kufuli za hifadhidata (zinazozuia wawili kubadilisha rekodi moja kwa pamoja) hazikui hivyo. Kodisha mashine ya wingu inayolingana na laivu kwa siku moja, pima, kisha izime.