Kuutengea wasiwasi nusu saa yake kwa siku

Mwenye mawazo mengi huambiwa "acha kuwaza". Anajaribu, anashindwa, kisha anajilaumu juu ya wasiwasi alionao. Lawama hiyo haimstahili. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwataka watu wasimfikirie dubu mweupe. Hawakuweza, na baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, dubu yule aliwajaa kichwani kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Wazo likizuiwa hurudi kwa kishindo.

Kuahirisha ni jambo tofauti. Wazo halifukuzwi, linapewa saa yake. Njia hii iliandikwa na Thomas Borkovec na wenzake nchini Marekani mwaka 1983, na vifaa vyake ni daftari dogo, kalamu na saa yenye kengele.

Hatua ya 1: Chagua saa na mahali

Tenga dakika 30, saa ileile kila siku. Saa kumi na moja au kumi na mbili jioni huwafaa wengi. Yabaki angalau masaa mawili au matatu kabla ya kulala, la sivyo utapanda kitandani moyo ukienda mbio. Kaa kwenye kiti ambacho hukitumii kwa kupumzika, na kamwe usikae kitandani: mwili hujifunza kwa mahali, na ukiwazia kitandani, kitanda chenyewe kitakuwa kinakuamsha. Mwambie unayeishi naye asikuite ndani ya muda huo.

Hatua ya 2: Linase wazo mchana

Wasiwasi ukija saa nne asubuhi, uandike kwa maneno yasiyozidi kumi: "majibu ya vipimo", "bosi hakujibu salamu". Usiandike aya nzima, maana hapo utakuwa umeshaanza kuwaza. Jiambie, "Hili ni la saa kumi na moja," kisha rudi kwenye kazi iliyo mkononi kupitia milango ya fahamu: joto la maji unayooshea vyombo, sauti ya anayezungumza nawe, mguso wa kalamu.

Litarudi, pengine baada ya dakika moja. Usiliandike upya, liwekee kijistari pembeni. Wengi huvunjika moyo hapa, wakidhani wameshindwa kwa sababu wazo moja lina vijistari kumi na viwili. Kila kijistari ni mara moja uliyoweza kuligeuzia mgongo, na zoezi lenyewe ndilo hilo. Daftari ni bora kuliko simu, kwa sababu ukifungua simu kuandika wasiwasi mmoja, ujumbe ulioingia utakuletea mwingine.

Hatua ya 3: Nusu saa yenyewe

Tega kengele, soma orodha. Yaliyopoa yafute. Mara nyingi baadhi ya yaliyokutesa asubuhi yatakuwa hayana uzito tena, na ni vizuri ulione hilo kwa macho yako kwenye karatasi.

Kila lililobaki liulize swali moja: kuna ninachoweza kukifanya wiki hii? Kama kipo, andika tendo moja lenye siku na saa. "Nijali afya yangu" si tendo. "Kesho saa tatu asubuhi nipige simu kuulizia majibu" ni tendo. Kama hakipo, andika hasa unachohofia kitatokea na tarehe unayodhani kitatokea, kisha funga ukurasa. Tarehe ikifika, rudi uangalie. Hofu isiyoandikwa hubadilika umbo kila siku, kwa hiyo haikamatwi ikikosea.

Orodha ikiisha mapema, inuka. Usitafute cha kuwaza ili kujaza dakika. Kengele ikilia katikati ya wazo, liache hapohapo liingie kwenye orodha ya kesho.

Hatua ya 4: Ushushe mwili

Usitoke kwenye kiti ukaenda moja kwa moja kwenye taarifa ya habari. Vuta pumzi kwa sekunde 4, itoe taratibu kwa sekunde 6, kwa dakika 5. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Kutoa pumzi polepole hupunguza mapigo ya moyo. Ukisikia kizunguzungu, unavuta hewa nyingi mno: punguza kiasi cha hewa, mwendo uache ulivyo. Kisha tembea kidogo au fanya kazi ya mikono.

Usiku ukiamka na mawazo

Dakika 5 kabla ya kulala, andika kazi za kesho. Utafiti wa Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor, uliotoka 2018, uliona kuwa walioandika kazi zinazowasubiri walipata usingizi mapema kuliko walioandika walizokwisha kumaliza. Ukikaa macho kama dakika 20, ondoka kitandani, kaa kwenye mwanga hafifu hadi macho yawe mazito. Na kahawa iishie mchana. Baada ya takriban masaa 5, nusu ya kafeini yake bado imo mwilini.

Pasipofaa njia hii

Machozi ya msiba hayapangiwi saa, yaache yatoke. Kumbukumbu za tukio la kutisha zinazokurudia kana kwamba linatokea sasa zinahitaji mtaalamu, na vilevile huzuni inayokaa karibu kila siku kwa wiki mbili. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, usisubiri saa kumi na moja: mwambie mtu wa karibu sasa hivi na mwende pamoja kituo cha afya.

Baada ya wiki mbili

Hesabu vijistari vya siku tatu za kwanza na vya siku tatu za mwisho. Vikipungua, shuka hadi dakika 15. Visipopungua, kagua saa kwanza: aliyekuwa akiihamisha kila siku hajaanza bado, na aanze upya kwa saa ileile isiyohama.