Mzee, kabla hujanunua fimbo, angalia shafti

Nimebeba mikoba ya gofu hapa Nairobi miaka 26. Magoti yalipochoka nikahamia kwenye kibanda, ninabadilisha vishikio na shafti, yaani ule mti mrefu wa fimbo kati ya kishikio na kichwa. Wateja wangu wengi ni wazee, na karibu wote hufika na neno moja: "Nguvu zimeniisha." Namwambia, mzee wangu, hebu nione fimbo kwanza.

Mmoja wa miaka 71 aliniletea seti aliyoinunua akiwa na 45. Nikang'oa shafti ya ayani namba 7, fimbo ya masafa ya kati; shafti yenyewe ya chuma, nikaiweka kwenye mizani: gramu 127. Ya grafaiti, ile ya nyuzi za kaboni, niliyomwekea ina 62. Basi anza na uzito; herufi za ulaini zilizoandikwa kwenye shafti, baadaye. Kwenye dreva, fimbo ndefu ya kupigia mbali, gramu 45 hadi 55 zinawatosha wazee wengi.

Herufi zenyewe ni hizi: L ndiyo laini kabisa, kisha A (wengine huandika M), halafu R, S na X. Lakini hakuna kipimo kinachowabana watengenezaji wote. A ya huyu inaweza kukaza sawa na R ya yule, kwa hiyo usinunue kwa kusoma kibandiko tu. Ipige kwanza.

Kama kuna kifaa cha kupima kasi, dreva ikienda chini ya maili 75 kwa saa jaribu L au A. 75 hadi 85, A. Ikizidi hapo, R. Kama hakuna, piga mipira 10 ukaangalie inapotua. Ulipobingirikia sahau. Ikitua kabla ya yadi 180, chukua laini. Ila sisi wa Nairobi tunajidanganya hapa: tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na yadi 190 za huku ni kama 180 za Mombasa. Kata hizo 10 kabla ya kujisifu.

Kasi nayo haimalizi habari. Kuna mzee nilimpa A kwa sababu kifaa kilisema 80, na mimi nikakiamini kifaa kuliko macho yangu. Kumbe mkono wake ni wa ghafla, anateremsha fimbo kama anayeua nyoka. Mipira yote ikaingia kwenye miti ya kushoto, na siku hiyo sikumdai hata shilingi. Nilimrudishia R ya gramu 50, nyepesi lakini imekaza, akatulia. Anayepiga polepole na kwa mdundo mmoja ndiye anayefaidi ulaini.

Kwa anayetumia mkono wa kulia, shafti ngumu mno hupeleka mpira chini na kulia, na kiganja kinahisi kama umegonga jiwe. Laini mno hupeleka juu na kushoto, tena hujui kichwa cha fimbo kiko wapi.

Urefu: dreva ya inchi 46 inavutia dukani, lakini wazee wengi hupiga katikati ya uso wa fimbo kwa 44 na nusu. Ikikatwa, ikatwe upande wa kishikio. Fundi akigusa ncha ya chini, shafti inakaza zaidi na pesa yako imepotea. Vidole vikiuma kwa baridi yabisi, mwambie aongeze tepu chini ya kishikio kiwe kinene, hiyo ni kazi ya dakika chache.

Usibadilishe fimbo zote 14 kwa mkupuo. Anza na dreva na ayani namba 7, cheza nazo mwezi mmoja. Pata, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni, iache ilivyo.

Yule wa miaka 71 alibadilisha zote mwishowe. Shafti za chuma aliniomba nimfungie kwa kamba aende nazo nyumbani. Zinashikilia nyanya shambani.