Pipi za Halloween zilizobaki: chambua usiku uleule, nyingine ziwekee safari

Usiku wa Halloween, tarehe 31 Oktoba, watoto hupita nyumba kwa nyumba wakipewa pipi. Ukipita, watoto wetu wa Marekani na Kanada hubaki na ndoo ya pipi ambayo hawawezi kuimaliza kwa mwezi mzima. Kuificha juu ya kabati hakusaidii, maana mtoto anajua ilipo. Kinachosaidia ni kuichambua mapema.

Fanya kazi hiyo usiku uleule. Mwaga kila kitu mezani. Iliyofunguka, iliyotoboka karatasi au iliyopikwa nyumbani na mtu usiyemjua, tupa. Kisha soma lebo, na hapa ndipo wengi wanapokosea: chokoleti ndogondogo mara nyingi hazina orodha ya viungo, kwa sababu orodha iko kwenye mfuko mkubwa uliobaki kwa jirani. Usiseme ndogo ni sawa na kubwa ya chapa ileile. Viungo vyaweza kutofautiana, au ndogo ikawa imetoka kiwanda kingine kinachotumia karanga. Kama mtoto ana aleji, pipi isiyo na lebo si yake. Aliye chini ya miaka 4 mwondolee peremende ngumu, bablishi na chochote chenye karanga nzima, kwa kuwa vinaweza kumkaba.

Familia za Kiislamu zitazame neno “gelatin”, yaani kigandishi kinachotokana na wanyama, hasa kwenye pipi laini za jeli. Sheria ya Marekani haimlazimishi mtengenezaji kusema jelatini hiyo ni ya mnyama gani, na nyingi hutoka kwa nguruwe. Ikiwa hakuna alama ya halali, iweke kando. Zilizoandikwa “pectin” pasipo “gelatin” hugandishwa kwa kitu kinachotoka kwenye matunda.

Kuhusu kula: Chama cha Moyo cha Marekani kinashauri mtoto wa miaka 2 hadi 18 asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani vijiko sita vya chai. Chokoleti moja ndogo hubeba gramu 8 hadi 10 hivi. Kwa hiyo mbili zinatosha, na ziliwe mara baada ya chakula cha usiku, wakati mate bado ni mengi ya kusafisha kinywa. Kula moja moja kutwa nzima ndiko kunakotoboa meno, kwa sababu kila mara bakteria hutoa asidi upya. Tofi zinazonata ni mbaya kuliko chokoleti. Baada ya pipi chachu, mtoto asukutue kwa maji na angoje nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

Zinazobaki zihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, chokoleti mbali na peremende za mnanaa, la sivyo zote zitanuka mnanaa. Chokoleti ikipata weupe juu haijaharibika. Ni mafuta yake yaliyopanda baada ya kupata joto. Na kama kuna mbwa ndani, kopo likae juu: chokoleti ni sumu kwake.

Tofi laini za maziwa zinafaa sana kwa kashata. Menya gramu 300, weka kwenye sufuria nzito na vijiko viwili vikubwa vya maji, moto mdogo, ukikoroga hadi ziwe uji mzito unaong'aa. Usiache zichemke. Maji yakikauka kupita kiasi, kashata itakuwa ngumu kama jiwe. Mimina karanga gramu 300 zilizokaangwa na kumenywa, ongeza chumvi kidogo na hiliki nusu kijiko cha chai, kisha sambaza haraka kwenye sinia lililopakwa mafuta. Kata vipande zikiwa vuguvugu. Zikishapoa kabisa kisu hakipiti vizuri.

Wanaokwenda nyumbani Afrika Mashariki Desemba wasipakie chokoleti kwenye sanduku. Huanza kulainika kabla ya nyuzi 30 za Selsiasi, na mchana wa Dar es Salaam au Mombasa mwezi huo hupita hapo. Inafika imepoteza umbo, kisha inaganda upya ikiwa na weupe. Chukua peremende ngumu na tofi zilizofungwa moja moja, na zigawe zikiwa na karatasi zake, maana unyevu wa pwani huzifanya zinate zikishafunguliwa. Zifungie kwenye kopo au mfuko wa kitambaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, na kwenye uwanja wa ndege wanaweza kukutaka uiache hapohapo. Pima kabla: kilo mbili za pipi ni karibu sehemu ya kumi ya sanduku la kilo 23.