Kupanga vituo vya shindano la bunduki na bastola za kivita za zamani

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa Moshi alikuja Arusha na daftari lenye vituo sita alivyochora kwa ajili ya shindano lao la kwanza. Kituo ni zoezi moja la kulenga lenye mahali pake na idadi yake ya risasi. Tulikaa kuanzia chai ya saa nne hadi magharibi, tukabakiza vituo vinne. Naandika tulivyofanya kwa ajili ya wengine wenye daftari kama lile.

Hatua ya 1: Vibali

Barua iende polisi mapema, na kila mlengaji awe na leseni ya silaha anayoishika. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ni ya mwaka 2015, isomeni. Bila hili, usichore chochote.

Hatua ya 2: Uwanja kwanza, historia baadaye

Chukua futi kamba, karatasi ya miraba na penseli. Programu za simu za kuchorea siziamini. Hazioni korongo lililo nyuma ya tuta, yaani kilima cha udongo kinachozuia risasi nyuma ya shabaha. Risasi ya .303, ile ya bunduki ya Kiingereza ya Lee-Enfield, huweza kusafiri zaidi ya kilomita mbili, kwa hiyo panda juu ya tuta uangalie kwa macho yako: kuna njia ya ng'ombe? Kuna shamba? Zungumza na mwenyekiti wa kitongoji, na siku ya shindano weka mtu mwenye filimbi kila upande.

Walengaji wasielekee mashariki asubuhi. Epuka masika, na kama ni Juni au Julai anza saa nne, maana ukungu wa Arusha hauna haraka.

Hatua ya 3: Chagua tukio

Huku kwetu hatuhitaji kuazima vita vya Ulaya; Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa hapa hapa kati ya Waingereza na Wajerumani. Tarehe 3 Novemba 1914 Waingereza walishambulia Longido alfajiri yenye ukungu, wakarudi nyuma. Machi 1916 walipigana kwenye vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta, na mwezi huohuo wakaingia Moshi. Kila tukio linakupa kituo: kulala kifudifudi nyuma ya viroba vya mchanga, kupiga goti kwenye mteremko.

Kituo ninachokipenda kuliko vyote kinatokana na askari wengi wa Mjerumani kuanza vita na bunduki za mfano wa 1871. Zilipakiwa risasi moja moja, na baruti yake ilitoa moshi mzito ulioonyesha mpigaji alipo. Basi kila mtu apakie moja kwa mkono, apige, afungue bolti (komeo linalofunga risasi ndani ya bunduki), apakie nyingine. Mara tano. Hapo bunduki zote zinalingana.

Shabaha ziwe za duara. Kijana alikuwa amechora watu wenye sare, nikamwomba afute. Waafrika walikuwa pande zote mbili, kwa Mjerumani na katika King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, na huenda babu wa mlengaji wako alikuwa mmojawapo.

Hatua ya 4: Hesabu ya risasi

Hapa ndipo mimi mwenyewe niliwahi kupoteza siku nzima, na ndipo kijana naye alipokwama.

Kituo chake cha kwanza kilitaka risasi 12. Lee-Enfield inabeba 10, kwa hiyo mwenye nayo anapakia tena mara moja. Mauser 98 ya Kijerumani na Mosin-Nagant ya Kirusi zinabeba 5, hivyo wenzake wanapakia mara mbili, tena mara ya mwisho ni risasi mbili tu, na klipu, kibanio cha chuma cha kupakia risasi kwa mkupuo, ni ya tano. Hizo mbili zinatoka wapi? Mfukoni, zinaanguka kwenye vumbi, na mshindi ameshajulikana kabla hajalenga.

Hesabu kwa tano. Kituo kiwe cha risasi 5 au 10, basi. Kila mtu, hata mwenye Lee-Enfield, aanze na tano na apakie tano nyingine katikati. Ila kuna mambo manne.

Kwanza, si wote wana klipu. Ama zipatikane za kutosha kila aina, ama wote wapakie kwa mkono. Kuchanganya ni dhuluma.

Pili, risasi ya .303 ina ukingo kwenye kitako. Ukingo wa risasi ya juu ukikaa nyuma ya ule wa chini, bolti inasukuma zote mbili na bunduki inakwama. Mpangilio wa klipu ni chini, juu, chini, juu, chini. Kagua kila klipu kabla mtu hajaingia kwenye mstari, na siku ya mazoezi tumia risasi bandia.

Tatu, ikikwama au isipolia, mtutu ubaki umeelekea tuta na mkono mmoja upande juu. Risasi za zamani huweza kuchelewa kulipuka, kwa hiyo sisi tunahesabu sekunde 30 kwa sauti kabla ya kugusa bolti. Mlengaji anarudia kituo. Usimnyang'anye pointi kwa kuwa mwangalifu.

Nne, muda. Askari wa Kiingereza alitakiwa kupiga risasi 15 za kulenga kwa dakika, umbali wa yadi 300. Usimpe mtu wa wikendi kipimo hicho. Mimi natoa sekunde 90 kwa risasi kumi, mita 100, shabaha ya karatasi. Shabaha za chuma kwa bunduki sizitaki.

Hatua ya 5: Bastola

Webley inabeba risasi 6, Colt M1911 inabeba 7, Luger inabeba 8. Hesabu kwa sita, bila kupakia tena, mita 15. Imetosha.

Hatua ya 6: Jaribu kwa bunduki tupu

Chora mistari kwa chokaa, kisha mtu mmoja apite vituo vyote huku msimamizi akitoa amri zote. Hakuna kutembea kati ya nafasi mbili isipokuwa chemba (tundu la risasi nyuma ya mtutu) iko tupu na bolti imefunguliwa, na msimamizi ameona.

Tulifanya hivyo kwenye uwanja wetu jioni ileile. Kwenye kituo cha tatu, kijana alipoinuka kutoka kwenye viroba, mtutu ukageuka kulia, pale pale alipochora meza ya waandika pointi. Alichukua penseli akaihamishia meza nyuma ya mstari, mita kumi.