Somo: Umekuta mawe ya ajabu porini, utajuaje ni ya asili au ni kazi ya watu?

Wengi wakikuta mawe yamepangana porini hukimbilia swali la mwisho: nani aliyapanga, na kwa ajili gani? Anza na la kwanza: je, mwamba wenyewe ungeweza kufanya hivi bila mtu? Ukilijibu hilo vizuri, mafumbo mengi yanaishia hapo hapo.

Vifaa: simu yenye GPS, dira, utepe wa mita 5, rula ya sentimita 30, daftari na penseli (wino huyeyuka karatasi ikilowa). Beba na fimbo. Mawe yaliyolundikana ni nyumba ya kifutu, swila na ng'e, kwa hiyo usipeleke mkono usipopaona.

1. Picha kabla ya kugusa. Jiwe likishageuzwa, dalili za muda lililokaa pale zimepotea. Piga moja ukiwa hatua 20, nne kutoka pande zote, kisha za karibu rula ikiwa kando. Wakati mzuri ni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Jua likiwa chini, vishimo ambavyo mchana huvioni kabisa hutoa kivuli.

2. Tambua mwamba. Matale, yaani graniti, hupasuka kwa nyufa za wima na za mlalo. Maji hupenya mwamba ukiwa bado chini ya udongo, hula pembe za kila bonge mpaka linaviringika, kisha mvua huondoa udongo na mabonge yanabaki yamebebana. Ndivyo yalivyopatikana majabali ya Mwanza, na Kit Mikayi kule Kisumu. Angalia kama ufa ulio chini ya jiwe la juu unaendelea kwenye majabali ya jirani kwa mwelekeo ule ule. Ukiendelea, hakuna aliyelipandisha.

Basalti ni habari nyingine. Lava ikipoa husinyaa na kukatika kuwa nguzo za pande tano au sita, na macho huapa kwamba zimechongwa. Nguzo zilizogusana ukuta mzima ni za asili. Zikisimama mbalimbali kwenye udongo, zimeinama huku na huku, na mwamba mama haupo pale, hapo kuna mkono wa mtu. Namoratunga, karibu na Kalokol huko Turkana, ni mfano mzuri: nguzo ni za asili, lakini watu walizileta na kuzisimika.

Jibu la asili nalo halifungi kazi. Nguzo za Isimila, Iringa, zimechongwa na mmomonyoko tu, ila kwenye korongo lile lile kumeokotwa zana za Zama za Mawe. Tazama na chini pia.

3. Soma ukoga. Yale madoa makavu ya kijivu, kijani au rangi ya chungwa juu ya mawe hukua polepole sana. Doa likivuka kutoka jiwe moja hadi la pili pale yanapogusana, mawe hayo yamekaa pamoja muda mrefu. Madoa yakiwa upande wa chini au katikati ya mawe mawili, jiwe limegeuzwa karibuni. Vimnara vya mawe matano sita vilivyosimamishwa na wapanda mlima hufeli kipimo hiki mara moja.

4. Lundo: kaburi au shamba? Hapa ndipo watu hukosea zaidi. Mawe ya kusafishia shamba huwa mchanganyiko wa makubwa na madogo, malundo mengi jirani, kwenye ardhi inayolimika, mara nyingi karibu na mistari ya mawe inayofuata kontua, yaani inayokata mteremko kwa usawa mmoja. Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, yapo malundo ya namna hiyo pamoja na matuta na mifereji ya umwagiliaji. Kaburi huwa peke yake au machache, aghalabu mahali palipoinuka, lina duara la mawe makubwa pembeni, na katikati pamebonyea. Kuna pia malundo ambayo kila mpita njia huongeza jiwe. Wamaasai walifanya hivyo kwenye makaburi ya waganga wao. Lundo la hivyo huwa kando ya njia na mawe ya juu ni mapya kuliko ya chini, kwa hiyo kipimo cha ukoga kitakuchanganya.

5. Vishimo juu ya mwamba. Vya asili vina sakafu bapa, kingo zisizo sawa, na mara nyingi mlango mmoja wa kutolea maji. Vya watu vina umbo la kikombe na kuta laini. Safu mbili au nne zilizonyooka ni bao. Hyrax Hill, Nakuru, yako yaliyochimbwa mwambani. Bao halichezwi ukutani, hivyo vishimo kwenye uso wa wima vitafutie maelezo mengine. Kishimo kirefu kilichosuguliwa ni cha kusagia.

6. Dira mwishoni. Pima kutoka jiwe A kwenda B, kisha B kwenda A. Tofauti iwe nyuzi 180. Isipokuwa hivyo, mwamba unavuta sindano: rudi nyuma mita 3 upime tena. Mwaka 1978 ilichapishwa hoja kwamba nguzo za Namoratunga zimeelekezwa kwenye nyota. Waliorudia vipimo walikuta basalti ile ina usumaku. Ndiyo maana mimi nyota naziweka mwisho kabisa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Huku kwetu kuna jiwe lina msalaba na namba, wazee wanasema Mjerumani alificha mali. Tuchimbe?

Jibu: Msichimbe. Msalaba na namba mara nyingi ni alama ya wapima ardhi, na lundo lenye bomba au zege katikati ni bikoni. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kuchimbua eneo la kale bila kibali ni kosa. Makaburi mengi yameharibiwa kwa tetesi hizi za mali ya Mjerumani.

Swali: Mashimo ya duara mteremkoni, upana kama mita 10, yamezungukwa na mawe. Niko magharibi ya Kenya.

Jibu: Angalia upande wa chini wa mteremko. Kukiwa na tuta la udongo na samadi, yaelekea ni mashimo ya Sirikwa, mazizi ya ng'ombe ya zamani. Mlango nao huelekea huko chini.

Swali: Jiwe likigongwa linalia kama chuma. Ni kimondo?

Jibu: Hapana. Bamba la mwamba lililoshikiliwa sehemu ndogo tu hulia likigongwa. Likiwa na vishimo vilivyosuguka, watu walilitumia kama ngoma, kama lile la Moru, Serengeti. Usiligonge kwa jiwe jingine, unafuta alama za waliotangulia.

Swali: Nikishapata, nipeleke wapi?

Jibu: Tanzania, Idara ya Mambo ya Kale, Kenya, Makumbusho ya Taifa. Peleka picha, vipimo na namba za GPS zenye tarakimu tano baada ya nukta, ambayo ni kama mita moja ardhini. Mtandaoni taja wilaya tu, wachimba mali nao wanasoma.